Kila asubuhi namwaga uji wa mke wangu

Shikamoo Shangazi,

Naandika nikiwa nimejifungia bafuni, maana ndipo mahali pekee humu nyumbani ambapo hakuna anayeniuliza soksi ziko wapi.

Mimi ni mwanamume wa miaka 39, nina mke na watoto watatu. Wa kwanza ni binti wa miaka 14, anayemfuata ni mvulana wa miaka tisa, na kitinda mimba wetu, wa kike, ana miaka minne na nusu, yuko chekechea. Miezi saba iliyopita mke wangu alipangiwa zamu ya alfajiri kazini. Saa kumi na moja anatakiwa awe ameshatoka. Tulikaa tukakubaliana kwamba asubuhi zitakuwa zangu: niwaamshe watoto, wanywe chai, wavae, na saa kumi na mbili na dakika arobaini wawe mlangoni na mabegi yao. Nikasema hakuna shida. Niliona ni kazi ndogo tu, Shangazi. Nilikuwa sijui.

Mke wangu hakutaka kuniachia mzigo wote. Anaamka saa tisa na nusu usiku, anakoroga uji, anautia kwenye chupa ya chai na kuiacha mezani pamoja na vikombe vinne alivyovifunika kwa kitambaa. Ndipo anaoga na kuondoka. Tangu zamu ianze hajawahi kuruka hata siku moja ya kazi.

Tatizo ni kwamba watoto hawaunywi. Uji ukishakaa kwenye chupa saa mbili na nusu unakuwa kitu kingine kabisa. Ukiinamisha chupa hautoki, halafu ghafla unaanguka kikombeni pwa! Juu una utando. Mdogo akiuona utando ule anasema uji una ngozi, na mtoto akishasema chakula kina ngozi hata wa miaka tisa naye anasukuma kikombe. Mkubwa hata hakai mezani. Anasema asubuhi hana njaa na harufu ya chakula inamchefua. Siku za mwanzo niliwabembeleza, baadaye nikawakemea, mwisho nikachoka. Tukawa tunachelewa, mmoja analia, mimi napiga kelele, na siku nzima kazini najiona baba mbaya.

Ndipo nikanunua biskuti za krimu na juisi za pakiti. Amani ilirudi siku hiyo hiyo. Wanakula wakiwa wamesimama, wengine wakifunga viatu, na tunatoka kwa wakati. Biskuti nazificha kwenye sanduku langu la spana. Uji naumwaga kwenye sinki. Nafungulia bomba, nasukuma kwa kidole mabonge yanayokataa kupita kwenye matundu, nasuuza chupa, naipindua ikauke. Mke wangu akirudi anaikuta tupu. Anasema, "Leo mmemaliza wote." Nami najibu, "Wote."

Wiki mbili zilizopita mdogo aliniuliza mbele ya mama yake, "Baba, kesho tena tunamwaga uji?" Mama yake alicheka, akadhani ni mchezo wetu. Mimi niliishiwa nguvu magotini.

Juzi mwalimu wa mwanangu wa kiume aliniandikia kikaratasi: mtoto hulaza kichwa kwenye dawati ikifika saa nne, na akiulizwa anasema kichwa kinamuuma. Kikaratasi kiko mfukoni mwa koti langu. Sijamwonyesha mama yake. Na mimi mwenyewe asubuhi nakunywa vikombe viwili vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, basi. Tulipopimwa afya kazini niliambiwa sukari yangu imezidi kidogo, nirudi baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu imepita, sijarudi.

Nina rafiki kazini ambaye hali kitu mpaka saa sita mchana, na anasema kifungua kinywa ni uzushi wa wafanyabiashara. Nikifikiria asubuhi bila chakula, bila sinki, bila sanduku la spana, naona kama niko peponi. Lakini watoto je?

Niambie, Shangazi. Je, nimwambie mke wangu ukweli? Ataumia sana, uji ule ndio fahari yake. Au ninyamaze, nijifunze vyakula vya haraka vyenye afya, nibadilishe mambo taratibu bila yeye kujua? Na vyakula hivyo ni vipi, kwa mtu mwenye dakika 55 na mikono miwili?

Baba wa Asubuhi

*

Marahaba, Baba wa Asubuhi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale kwenye kidole kinachosukuma mabonge kwenye matundu ya sinki. Mtu asiyejali hasuuzi chupa akaipindua ikauke. Umekuwa ukilinda vitu viwili kwa wakati mmoja, utulivu wa watoto na moyo wa mke wako, na sasa vinakuvuta kila kimoja upande wake. Kabla sijasema lolote jingine, pole.

Ukiniuliza nimesikia nini, nimesikia matatizo mawili yaliyofungwa kwenye kitambaa kimoja. La kwanza ni la jikoni: dakika 55, watoto watatu wenye matumbo ya tabia tatu. La pili ni neno moja dogo, "Wote," unalolitamka kila jioni. La jikoni lina dawa nyingi. Hilo la pili unalijua mwenyewe kuliko mimi, kwa hiyo nitalizungukia kidogo nikuonyeshe pembe zake.

Niruhusu nikuulize jambo. Unasema uji ule ndio fahari ya mke wako. Amekwambia hivyo, au umekisia? Mimi sijui. Huenda kweli anaukoroga kwa furaha, kwa sababu ndiyo njia yake ya kuwapo mezani asubuhi ambazo kazi imemnyang'anya. Huenda pia anaukoroga huku macho yanafumba, anajisemea laiti ningelala, lakini mama gani ataondoka bila kuacha kitu mezani? Mtu anayeamka saa tisa na nusu ili atoke saa kumi na moja, nataka kujua analala saa ngapi. Mtu mzima anahitaji walau saa saba za usingizi. Ili yeye azipate ingebidi awe kitandani saa mbili na nusu usiku, na kwenye nyumba yenye watoto watatu sidhani kama hilo linatokea. Kwa hiyo ukiwa pale kwenye sinki, unga na maji ni hasara ndogo. Kinachopita kwenye yale matundu ni usingizi wake. Sikwambii hili ili nikuongezee aibu. Nakwambia kwa sababu umeuweka ukweli kwenye mizani kama kitu cha kumuumiza tu, nami naona upande wa pili wa mizani hiyo kuna saa nzima ya kulala.

Sasa tuingie jikoni, maana nimeona hamu yako.

Kwanza nimtetee na kumpinga rafiki yako. Hajakosea kila kitu. Ni kweli biashara ilitia mkono. Konfleksi, zile nafaka bapa za kwenye boksi, zilianzia mikononi mwa ndugu wawili, John Harvey na Will Keith Kellogg, katika mji wa Battle Creek nchini Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na miaka ya 1920 mtaalamu wa matangazo Edward Bernays aliwatumia madaktari kuwashawishi watu kwamba asubuhi wale vyakula vizito, kwa faida ya kampuni iliyouza nyama ya nguruwe. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha mapitio ya majaribio 13 kuhusu kifungua kinywa na uzito wa mwili, na hayakuonyesha kwamba kula asubuhi kunampunguza mtu mzima uzito. Kwa hiyo mtu mzima mwenye afya anayekaa mpaka saa sita na akajisikia vizuri, mwache na saa sita yake.

Lakini rafiki yako si mtoto wa miaka minne na nusu. Ubongo wa mtoto hula sukari ya damu kwa wingi ukilinganisha na ukubwa wa mwili wake, na akiba anayoitunza mwilini ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Usiku kucha hajala. Kumpeleka darasani na tumbo tupu mpaka mchana ni kumtaka mengi. Na rafiki yako si wewe pia. Umeshaambiwa sukari imezidi. Kabla ya kuanza kuruka milo, rudi ukapimwe, na ikitokea ukaandikiwa dawa, muulize daktari kuhusu kufunga, kwa sababu zipo dawa za kisukari ambazo ukizinywa bila kula sukari inashuka mpaka mtu anaanguka. Miezi mitatu uliyopewa haikuwa ya mapambo, mwanangu.

Sasa watoto. Umesema hawataki uji. Mimi nimesoma kwamba hawataki uji uliolala kwenye chupa. Hayo ni mambo mawili. Uji wa nafaka huendelea kuganda ukiwa umefunikwa, na utando hauepukiki. Mtoto anayekataa utando huo siwezi kumwita mdekaji, hata mimi nisingeunywa. Uji huo huo ukipikwa saa kumi na mbili kasoro robo, laini, kwa dakika tano, huenda ukawa na hadithi nyingine. Oti, zile punje zilizobanwa zikawa bapa, huiva kwa muda huo tu. Na wala hazihitaji moto. Changanya nusu kikombe cha oti na maziwa au mtindi kiasi cha kuzifunika vizuri, funika, weka kwenye friji usiku. Asubuhi zimelainika, unakatia ndizi au unakwangulia tofaa, basi. Watu huliona kama jambo jipya la vijana, lakini daktari mmoja wa Zürich, Maximilian Bircher-Benner, alikuwa akiwapa wagonjwa wake oti zilizolowekwa pamoja na tofaa la kukwangua, limau na kokwa zilizosagwa tangu mwaka 1900 hivi. Sijui kama naye asubuhi alikuwa akitafuta soksi za watoto, lakini wazo lake linakufaa. Kazi yote inafanyika usiku, wakati una mikono miwili iliyo huru.

Ukitaka siri ya asubuhi nzuri ni hiyo tu: isiwe ya kupika, iwe ya kutoa. Yai ni mfano. Chemsha mayai sita jioni wakati chakula cha usiku kinaiva. Maji yakishachemka dakika kumi zinatosha, kisha yatumbukize kwenye maji baridi. Yakiwa na maganda yake yanakaa kwenye friji mpaka wiki moja. Nje ya friji usiyaache zaidi ya saa mbili. Kama friji hakuna, yachemshe asubuhi hiyo hiyo unapomchana nywele mdogo, yai halihitaji msimamizi. Yai moja lina gramu sita hivi za protini, na protini ndiyo inayomshikilia mtoto mpaka mapumziko. Na jambo moja nimeliona kwa macho yangu kwa wajukuu: mtoto akimenya yai mwenyewe, atalila. Mpe mdogo wako yai na kibakuli cha maganda. Atagonga, atachubua kipande kidogo kama ukucha, atachukua dakika nne nzima, na meza itajaa vipande. Dakika nne hizo wewe unatafuta soksi.

Wa miaka tisa, kwa maelezo yako, ni mlaji mwenye kufuata mkumbo. Mpe mkate wa ngano isiyokobolewa uliopakwa siagi ya karanga na vipande vya ndizi juu yake, aukunje, ale hata akiwa amesimama kama alivyozoea. Tofauti yake na biskuti ni kwamba una protini, mafuta na nyuzinyuzi, kwa hiyo sukari yake huingia damuni taratibu. Mdogo naye anaweza kula siagi ya karanga ikipakwa nyembamba, ila karanga nzima usimpe kabla hajafika miaka mitano, zinaweza kumkaba. Na kiporo je? Sijui nani alituambia kwamba maharagwe ya jana ni aibu asubuhi. Maharagwe yaliyowekwa kwenye friji usiku, yakapashwa moto mpaka yachemke, yakawekwa juu ya mkate, ni chakula cha dakika sita chenye kila kitu. Wali pia, mradi uliingia kwenye friji mapema. Wali ulioachwa wazi sufuriani usiku kucha una bakteria ambao sumu yao haitoki hata ukiupasha moto.

Kuhusu juisi za pakiti, tazama namba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari huru, yaani ile tunayoongeza pamoja na ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia tano. Kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 50, na ile ya chini ni 25. Kwa mtoto ni kidogo zaidi. Pakiti ndogo ya mililita 200 ya juisi mara nyingi ina gramu 20 hivi, kabla biskuti haijafunguliwa. Na wewe, vijiko sita kwa vikombe viwili, kila kijiko gramu nne kikiwa sawasawa, ni gramu 24. Kama vijiko vyako vina kilima, na nadhani vina kilima, imezidi. Sisemi uache chai. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi huzoea, halafu chukua yai moja katika yale sita. Wewe pia ni mtu katika nyumba hiyo. Nimeona vikombe mezani ni vinne, kwa hiyo mke wako anakuhesabu, ila barua yako haisemi kama umewahi kuuonja uji huo.

Binti yako wa miaka 14 nisingemlazimisha. Katika umri huo saa ya mwili husogea mbele, usingizi huchelewa kuja na njaa ya asubuhi huchelewa kuamka. Akisema saa kumi na mbili hana njaa, inawezekana anasema kweli tupu. Mpe cha kubeba: yai, tunda, mkate uliokunjwa, ale saa nne njaa ikifika. Hatari ya njia hii ni kwamba hutajua kama amekula au amegawa. Kwa hiyo mwangalie jioni. Akila vizuri mchana na usiku, tulia. Ukiona anakwepa milo mingine pia, anapungua, anausema vibaya mwili wake au anakula kwa kujificha, hiyo si habari ya asubuhi tena, ni ya kukaa naye na kumpeleka kwa mtaalamu. Neno moja zaidi: wasichana wa umri wake wanahitaji madini ya chuma kwa wingi, na chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia sehemu ya madini hayo kuingia mwilini. Chai yake isubiri saa moja baada ya kula, na chungwa au tunda jingine chachu liandamane na chakula.

Nimefika kwa kijana na dawati lake. Hapa naomba tusikimbilie kuilaumu biskuti. Inawezekana kabisa ndiyo: sukari inapanda haraka, saa tatu baadaye tumbo la mtoto ni tupu. Lakini mtoto wa miaka tisa anahitaji saa tisa hadi 12 za usingizi, na sijui analala saa ngapi tangu ratiba ya nyumba ibadilike. Kichwa kinachouma darasani kinaweza kuwa macho yasiyoona ubao vizuri, upungufu wa damu, minyoo, kiu, au wasiwasi wa jambo ambalo hajalisema. Hata siri ni jambo. Mtoto wa miaka tisa anaelewa zaidi kuliko mdogo wake kwamba uji unamwagwa na mama anaambiwa "Wote". Ukibadilisha chakula na kichwa kikaendelea kumuuma, usingoje. Na hata kisipoendelea, kumpima macho na damu hakumdhuru.

Turudi basi kwa mama yao. Naona njia tatu, na hakuna hata moja isiyo na mwiba.

Unaweza kumwambia sasa, kabla ya lolote. Faida yake ni kwamba mnaanza upya mkiwa wawili, na kuanzia kesho yake analala mpaka saa kumi na nusu. Mwiba ni kwamba atasikia miezi saba kwa mkupuo mmoja. Anaweza kulia kwa sababu ya uji, au kwa sababu ya neno "Wote", na hayo ni maumivu tofauti. Ukichagua njia hii, usiuanze ukweli kwa makosa ya watoto, "hawaupendi uji wako." Ungeanzia wapi? Labda pale ulipoanzia na mimi: nilisema ni kazi ndogo, nikashindwa, nikaona aibu kukwambia.

Unaweza kubadilisha kwanza, wiki mbili tatu, halafu umwambie ukiwa na meza inayofanya kazi. Naelewa utamu wake, mtu hupenda kuungama akiwa na suluhisho mkononi. Ila katika wiki hizo yeye bado anaamka saa tisa na nusu, na wewe bado uko kwenye sinki. Kila siku inaongeza "Wote" nyingine. Na akiona mayai na oti kwenye friji atauliza, nawe utajibu nini?

Au unaweza kunyamaza, umwombe tu apumzike: "Mke wangu, kuanzia sasa asubuhi nitapika mwenyewe, lala." Si uongo, na huenda ikatosha. Watu wengi wameishi na siri kubwa kuliko chupa ya uji. Lakini una mashahidi watatu, na mmoja ana miaka minne na nusu na tayari ameshatoa ushahidi mara moja. Mama yao akiyajua kwa mdomo wa mtoto, au kwa mdomo wa mwalimu anayeuliza kama kile kikaratasi kilifika, utakuwa umempokonya nafasi ya kusikia kutoka kwako. Kikaratasi hicho nakitenga kando na uji wote. Ni habari ya afya ya mtoto wake. Ndicho pekee ambacho ningekuomba usikiweke mfukoni muda mrefu, hata kama mengine bado unayapima.

Vyovyote utakavyochagua, usisahau kwamba ukimwondolea mwiko wa kukorogea uji unamwondolea na nafasi yake mezani. Akiacha kuamka usiku, asubuhi hiyo itabaki na nini chake? Labda yeye ndiye achanganye oti jioni pamoja na yule wa miaka tisa, achague tunda la kesho. Labda uji abaki nao siku asizokwenda kazini, wa moto, usio na ngozi, na watoto wamwone akiukoroga. Sitashangaa siku hiyo ukaisha. Mwulize yeye anataka nini. Katika barua yako ndefu, yeye ndiye mtu pekee ambaye sijasikia sauti yake zaidi ya maneno matatu, "Leo mmemaliza wote."

Mimi nilipokuwa na watoto wadogo niliwanywesha chai ya rangi na mkate mkavu mwaka mzima, nikimwambia mama yangu kwamba wanakunywa maziwa. Hakuwahi kujua, au alijua akaniachia. Mpaka leo sijui lipi kati ya hayo.

Niandikie tena ukipata nafasi, hata kama ni kutoka bafuni. Nataka kujua majibu ya vipimo vyako na vya kijana. Na nataka kujua kama mdogo alifaulu kumenya yai, au kama nalo amelikuta lina ngozi.

Shangazi yako